Zimwi Likujualo: Hamu ya Mazimwi ya Kale ya Sinema

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa zaidi katika mambo ya nasaba na ya ujirani: anayedhulumiwa na aliye wake hutarajia kwamba dhuluma hiyo itakuwa na kikomo. Hata hivyo, ndani ya maneno hayo manne mna nadharia nzima ya sanaa ya kutisha. Zimwi lipo, na kazi yake ni kula. Baina yake na mtu upo ujuano. Na ujuano huo ndio unaobakiza kitu. Sanaa ya kutisha isiyokuwa na zimwi linalokula haitishi, na ile ambayo zimwi lake halimjui mtu haibakizi chochote. Baina ya mipaka hiyo miwili ndipo zilipokaa filamu ambazo leo watu wengi wa makamo wanazikumbuka kwa hamu: za Dracula na joho lake, za maiti wa Misri aliyefungwa sanda, za mtu ageukaye mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu, na za kiumbe aliyeungwaungwa na daktari Frankenstein.

Hamu hiyo husikika Mji Mkongwe wa Unguja na husikika vilevile Kigera, pembeni mwa Musoma, katika mkoa wa Mara. Lawama yake ni ile ile: picha za kutisha za zamani ziliweza kutazamwa na bibi na mjukuu wakiwa wamekaa mkeka mmoja, ilhali za leo humlazimu mzazi ama azime runinga ama awatoe watoto chumbani. Damu imezidi, utupu umezidi, na zimwi halina tena uso wa kukumbukwa. Lawama hiyo ina ukweli, lakini imeshika tawi ikaliacha shina. Kilichopotea si upole wa mazimwi. Kilichopotea ni alama yao, yaani ile ishara iliyomwezesha mtazamaji kujua kwa yakini kwamba zimwi ni lile pale kwenye kioo, na kwamba si mtu wa nyumba ya tatu.

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba mazimwi hayo yalizaliwa mapole. Kampuni ya Universal ya Marekani ilipotoa Dracula na Frankenstein mwaka 1931, na The Mummy mwaka 1932, filamu hizo hazikukusudiwa watoto. Uingereza iliwekewa daraja maalumu la filamu za kutisha tangu mwaka 1932, na kufikia mwaka 1937 daraja hilo likawa la kuwazuia kabisa walio chini ya miaka 16. Bela Lugosi katika joho la Dracula na Boris Karloff chini ya vipodozi vya Jack Pierce walikuwa vitisho hasa kwa watu wa zama zao. Upole ulikuja kwa njia ya mazoea. Mwaka 1948 Universal yenyewe iliwakutanisha wachekeshaji Abbott na Costello na mazimwi yake, Lugosi akiwa Dracula kwa mara nyingine, na watazamaji wakacheka palepale walipozoea kushtuka. Mwaka 1957 fungu kubwa la filamu hizo liliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani, nazo zikaingia majumbani. Mwaka 1964 familia za mazimwi zikawa michezo ya vichekesho ya kila wiki. Zimwi lilikuwa limekwisha kujuana na watu, na liliacha kuwamaliza.

Ziwa na visiwa vya Afrika Mashariki vilipokea mazimwi hayo kwa kuchelewa na kwa njia zao. Zanzibar ilikuwa na majumba ya sinema ya zamani na ikapata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vikaanza kurusha matangazo. Kwa mtoto wa kitongoji cha Musoma, basi, picha ilikuja kwa deki na mkanda: ama sebuleni kwa jirani mwenye runinga, ambako watoto wa mtaa mzima walikaa chini mbele na wakubwa wakakaa nyuma, ama kwenye banda la video, ambako kulikuwa na mabenchi, turubai na kiingilio kidogo. Huko Dracula hakuja peke yake. Alikuja pamoja na filamu za Kihindi za nyoka ageukaye mwanamke, kama Nagin ya mwaka 1976 na Nagina ya mwaka 1986. Mtazamaji hakutenganisha Ulaya na Asia. Aliona ukoo mmoja wa viumbe wenye miiko yao: huyu haukabili msalaba, yule hutii zumari, mwingine hungoja mwezi.

Wala hazikuja bila msemaji. Katika miaka ya 1990 na 2000 wafasiri wa filamu, ambaye mashuhuri wao alikuwa Lufufu, waliziwekea picha za kigeni sauti ya Kiswahili. Huyo hakuwa mkalimani wa maneno tu. Alieleza, alitania, alimwonya mhusika, aliwapa watu wa mbali majina na tabia za watu wa karibu, na pale picha ilipozidi kutisha alitia neno la kuchekesha. Kwa istilahi za fasihi simulizi, alikuwa fanani aliyeingia ndani ya kazi ya watu wengine na kuirudisha kwenye ngano. Wanaozitamani filamu za zamani mara nyingi huitamani sauti hiyo bila kuitaja. Hofu iliyosimuliwa na mtu anayejua mwisho wa hadithi si sawa na hofu anayoachiwa mtoto peke yake na simu ya mkononi.

Ngano zenyewe zilikuwa zimeandaa njia. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapwa mwaka 1870, nunda huanza akiwa paka wa nyumbani. Hula kuku, hula mbuzi, na sultani humtetea kila mara kwa kuwa paka ni wake, hadi awe mla watu anayewala watoto wa sultani mwenyewe. Wasukuma wanaye Shing'weng'we, ameze watu wote na mifugo yao, mpaka kijana Masala Kulangwa ampasue tumbo na waliomezwa watoke wakiwa hai. Waluo, ambao wengi wao wamekaa Mara kandokando ya ziwa, wanaye Apul-Apul. Kila zimwi kati ya hao lina ukubwa wake, sauti yake, njaa yake. Hata lile linalojigeuza kijana mtanashati ili lioe huwa na dosari ambayo mdogo wa bibi harusi huiona: mdomo wa pili kisogoni, au mkia ndani ya nguo. Huo ndio ufundi mkubwa wa ngano, na ndio uadilifu wake. Mdomo wa kisogoni haumo kwa binadamu yeyote. Mtoto aliyesikia hadithi hiyo akatoka nje asubuhi hakumkuta mtu wa kumshuku.

Kulikuwa na namna nyingine ya hofu, nayo haikuwa ya ngano. Ni hofu ya mumiani. Neno hili lina asili moja na jina la maiti wa Misri katika Kiingereza. Lote hutoka katika neno la Kiajemi na Kiarabu la dawa nyeusi kama lami, iliyosadikiwa baadaye kutokana na miili iliyokaushwa. Kwa Waswahili mumiani ikawa dawa inayodhaniwa kutengenezwa kwa damu ya watu, kisha jina la hao wanaoitafuta damu. Enzi ya ukoloni uvumi huo ulienea pwani na bara, na walioshukiwa walikuwa watu wenye kazi na sare: zimamoto, watumishi wa afya, wasaidizi wa Wazungu. Wanahistoria wameuona uvumi huo kuwa lugha ya wanyonge kuusema unyonyaji waliokuwa wakiuishi, na wameuona vyema. Lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa, tofauti yake na Dracula ni kubwa. Wote wawili hunyonya damu. Dracula ana meno, joho, jeneza na nchi ya mbali. Mumiani hana chochote ila gari lililopita usiku na mtu aliyekuwa ndani yake. Wa kwanza hutazamwa, wa pili hutuhumiwa.

Tofauti hiyo imefanyiwa kazi kwa undani kuliko pengine popote katika Frankenstein ya James Whale, na ndiyo sababu filamu hiyo ingali hai. Katika onyesho lake maarufu, kiumbe aliyekimbia maabara anafika ukingoni mwa ziwa na kumkuta Maria, binti mdogo wa mwanakijiji. Maria hamwogopi. Anampa maua, na wote wawili wanayatupa majini yakaelea. Maua yanapokwisha, kiumbe anamtazama mtoto, anamnyanyua na kumtupa, akidhani naye ataelea. Kwa miongo mingi mwisho wa onyesho hilo ulikatwa na wakaguzi, na mtazamaji akaachiwa mikono ya zimwi inayomwelekea mtoto, kisha maiti. Sehemu iliyokatwa ilirejeshwa katika miaka ya 1980. Ukataji huo ulidhamiriwa kuwalinda watazamaji, nao ukawafikirisha jambo baya zaidi kuliko lililotendeka. Kwa onyesho zima, zimwi ni mjinga wa maji. Kwa onyesho lililokatwa, ni mwovu.

Mtoto wa wavuvi wa Ziwa Viktoria hahitaji mfasiri hapo. Anajua kinachoelea na kinachozama, na anajua kuwa ziwa linaua bila chuki. Kinachofuata nacho anakijua: baba anaibeba maiti ya mwanawe kupita katikati ya sherehe, watu wanawasha mienge, na kundi linaanza kumsaka mkosaji mpaka linamchoma ndani ya kinu cha upepo. Whale hakuweka umati huo upande wa haki. Mtazamaji aliyeanza kwa kuliogopa zimwi humaliza kwa kuiogopa mienge. Katika filamu iliyofuata, Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, kiumbe huyo huyo anapokewa na mzee kipofu anayepiga fidla, anapewa mkate na anafundishwa maneno ya kwanza ya urafiki, mpaka wanaokuja na macho wanaivunja nyumba hiyo ya amani. Mkaribishaji wa pekee ni yule asiyeziona alama.

Kwa kipimo hicho ndipo filamu za kutisha za Tanzania zinavyostahili kusomwa. Zilipoanza kushamiri mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi, aliyeongoza Nsyuka na Shumileta (2005), alifanya jambo la ujasiri: kwa kamera ndogo na fedha kidogo aliwapa sura ya Kitanzania viumbe waliokuwa wakiishi katika masimulizi tu. Shumileta, jini wa kike anayempenda mwanadamu, ni jamaa halisi wa Dracula na wa mwanamke nyoka wa Kihindi. Ana uzuri wake, ana makao yake, ana sheria inayomtofautisha na wanawake wengine. Mtazamaji anaweza kumwogopa bila ya kumwogopa shangazi yake.

Lakini mkondo mpana, uliolishwa pia na mikanda ya Nigeria, ulielekea kwingine. Zimwi likawa mchawi, na mchawi akawa mama mkwe, mke mwenza, bibi wa kijijini aliyekuja kusalimia. Hakuwekewa mdomo wa kisogoni. Aliwekewa mvi, khanga iliyochakaa, mgongo uliopinda na macho mekundu. Hizi si alama za zimwi. Ni alama za uzee na za umaskini, na katika Kanda ya Ziwa ni alama zilizokwisha kuwagharimu watu uhai. Tangu miongo kadhaa, hasa Usukumani, wanawake wakongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakitajwa kuwa ushahidi, wakati macho hayo huletwa na moshi wa kuni na wa samadi katika jiko lisilo na dirisha. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yalionyesha kwa namna ya kutisha zaidi jinsi alama ya ngozi inavyoweza kugeuzwa hukumu.

Haitakuwa haki kusema filamu ndizo zilizoua. Mauaji ya vikongwe yalikuwapo kabla ya deki kufika vijijini, na Sheria ya Uchawi imo katika vitabu tangu mwaka 1928. Hata hivyo, sanaa haihukumiwi kwa makosa iliyoyaanzisha peke yake. Huhukumiwa pia kwa yale iliyoyatengenezea picha. Filamu inayomwonyesha bibi akiruka usiku kwa ungo, kisha ikampiga picha ya karibu macho yake, imeichukua tuhuma ya mtaani na kuirudisha mtaani ikiwa na muziki. Mjukuu aliyekaa naye mkeka mmoja anageuka kumtazama. Hapo ndipo picha inapokoma kuwa ya familia, hata kama haina tone la damu wala neno la matusi.

Visiwani somo hili lilipatikana mwaka 1995, Popobawa alipozuka Pemba kisha akahamia Unguja. Watu walitoka vyumbani wakalala nje pamoja, uani na mabarazani, wakiwasha moto na kukesha. Na katika kukesha huko wengi wanakumbuka hata vicheko. Hayo yalikuwa matumizi mema ya hofu, ya kuwakusanya watu. Lakini Popobawa hakuwa na sura moja. Kila aliyesimulia alimsimulia vingine, na umati usiokuwa na sura ya kuiogopa uliitafuta: mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akauawa mjini kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Mienge ya Whale haikuwa mbali.

Je, basi, turudi tu kwa Dracula na wenzake? Hamu isiyochagua nayo ina hatari zake. The Mummy inaifanya Misri ghala la laana, na White Zombie ya mwaka huo huo wa 1932 inaichukua Haiti na mateso ya mashamba yake ya miwa na kuyafanya mapambo ya hofu ya wageni weupe. Mtazamaji wa Kiafrika anayezikumbuka filamu hizo kwa mapenzi huenda anakumbuka uongo juu yake mwenyewe. Na upande wa pili wako mazimwi ya watoto wa leo, kama yale ya Hotel Transylvania ya mwaka 2012, ambamo Dracula ni baba mwenye wasiwasi juu ya binti yake. Inachekesha na haimdhuru mtu, lakini zimwi hilo halili kabisa, na methali haikusema hivyo. Mtoto anayehitaji kufunzwa kuishi na hofu hafunzwi na kiumbe asiyetisha.

Mfano bora haukutoka Hollywood, bali Butiama, si mbali na Musoma. Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, akautoa mwaka 1963 na kuurekebisha kuwa Juliasi Kaizari mwaka 1969, alimpa Mswahili mmojawapo wa mizuka iliyotulia zaidi katika tamthilia. Mzuka wa Kaizari haurandi mitaani wala haumtafuti mtu asiyehusika. Unamtokea Bruto, mwenye kisu, hemani mwake, usiku kabla ya vita. Unatisha kwa kuwa unajua nyumba ya kwenda. Kitabu hicho kimesomwa na watu wa kila umri kwa zaidi ya nusu karne, na mzuka wake haujamponza bibi yeyote.

Mtengenezaji wa filamu wa leo anayetaka kuijibu hamu ya watu wa Kigera hana haja ya kukodi joho. Anaye Shing'weng'we, anaye Apul-Apul, anaye nunda aliyeanza kwa kula kuku huku mwenye nyumba akimtetea. Na katika nchi iliyoona wakubwa wengi wakitetewa kwa kuwa ni wetu, huyo wa mwisho bado ana kazi kubwa. Anayo pia maji yenyewe, yenye karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, mandhari ambayo Whale angeitamani. Linalotakiwa ni kumpa zimwi wake alama isiyokuwa ya mtu: mdomo kisogoni, sauti chini ya maji, kivuli kinachokwenda kinyume cha taa. Kisha amkalishe bibi mbele ya kioo pamoja na wajukuu, na awe yeye ndiye anayejua mwisho wa hadithi.